Pengo la titi: wamama waambiwe ukweli mbele ya kisu, si kisha

BUKAVU – Oktoba Roze ikifika, mji wa Bukavu unapata rangi. Wamama wanavaa fulana na vilemba vya roze, fanfare inapigwa, wakubwa wanasoma hotuba, na wauguzi wanaeleza namna ya kujipapasa matiti na kukimbilia hospitali mapema. Ni kazi nzuri, inapashwa iendelee. Shida ni kwamba hotuba zote zinasimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Mama aliyesikia redio, akaenda mapema kama alivyoambiwa, akatolewa sehemu ya titi yenye kansa, anarudi nyumbani na bonde kifuani. Akiuliza kama kuna kitu cha kujaza bonde hilo, muuguzi, mchungaji na mama mkwe wanamjibu kwa sauti moja: "Shukuru Mungu, umepona."

Mama huyo ameshamshukuru Mungu. Swali lake lilikuwa kwa mganga.

Muuza sambaza mmoja wa soko la Kadutu alitolewa karibu robo ya titi la kushoto. Majuma ya kwanza aliona titi limekaa vizuri, karibu kama zamani, akafurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba shimo la kisu hujazwa kwanza na maji ya mwili wenyewe, na kwamba maji hayo yakiisha titi linabonyea, kovu linavuta ngozi, chuchu inageuka kuangalia upande. Miezi ilipopita, ndivyo ilivyokuwa. Yeye alidhani kansa imerudi. Alilala macho siku nyingi, akaficha jambo hilo hata kwa dada yake, kwa kuogopa kurudishwa kwenye kisu. Sasa anakunja kipande cha kitenge na kukiingiza ndani ya sutieni. Akiinama kuinua beseni, kitenge kinapanda karibu na shingo. Wachuuzi wenzake wanacheka, naye anacheka nao.

Wanaosema kwamba hiyo ni shida ya urembo tu, wafikirie jambo moja. Wamama wa soko wanaona. Wanahesabu nani alienda hospitali na alirudi namna gani. Mwanamke mwenye uvimbe mdogo, akiona mwenzake amerudi na bonde na hakuna anayemwambia kitu, atakaa na uvimbe wake nyumbani. Atapaka majani, ataombewa, atanunua maji ya chupa ya mtu wa barabarani, na siku atakapofika kwa mganga titi litakuwa limepasuka na kunuka. Hapo hakuna tena habari ya kutoa sehemu. Ni titi zima linaondoka, ikiwa bado kuna nafasi ya kupasua. Kwa hiyo anayemnyamazisha mama wa Kadutu kwa neno "umepona" anawafukuza wengine 10 ambao bado hawajafika.

Neno la pili linalosikika ni kwamba kujaza titi ni mambo ya wazungu, ya watu wenye pesa na matiti ya silikoni kama ya sinema. Hilo linatokana na kutojua. Mwaka 1895 mganga Vincenz Czerny, kule Heidelberg nchini Ujerumani, alitoa sehemu ya titi la mwanamke mmoja, kisha akachukua kidonge kikubwa cha mafuta kilichokuwa kimeota kwenye mwili wa mwanamke huyo huyo na kukiweka kwenye pengo. Silikoni haikuwepo. Mfuko wa kwanza wa silikoni uliwekwa mwaka 1962 huko Houston, Marekani, miaka 67 baadaye. Tangu mwanzo, basi, kitu cha kujazia kilikuwa nyama ya mgonjwa mwenyewe.

Na Kivu inajua kazi hiyo kuliko inavyofikiri. Hospitali ya Panzi ilianza mwaka 1999, na mwaka 2018 mganga Denis Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya Amani kwa sababu ya wanawake waliochanwa na vita. Huko Goma, HEAL Africa nayo imeshona wamama wa fistula kwa miaka mingi. Sasa katika upasuaji wa fistula kuna njia ambayo Mjerumani Heinrich Martius aliieleza mwaka 1928: kuchukua pande la mafuta karibu na kidonda, bila kulikata na mshipa wake wa damu, na kulilaza juu ya mahali palipotobolewa ili papate nyama hai. Mpasuaji wa fistula akisikia habari ya kujaza titi kwa nyama ya jirani, hawezi kusema ni uchawi wa Ulaya. Mama aliyeharibiwa na vita tumekubali wote kwamba anastahili kurudishiwa mwili wake. Aliyeharibiwa na kansa amekosa nini?

Wapo pia wale wa upande wa pili, ambao hawanyamazi hata kidogo: wafanya biashara. Kwenye simu zinapita matangazo ya jeli, sindano na dawa za kuongeza matako na matiti, bila jina la mtengenezaji, bila tarehe, na namba ya kulipia juu yake. Mama mwenye bonde kifuani ni mteja wao bora, maana ana haya na haendi kumwuliza mtu. Ndiyo sababu historia ya chupa hizo inapashwa isomwe kwa sauti sokoni.

Mwaka 1899, kule Vienna, Robert Gersuny alianza kudunga parafini, ndugu wa nta ya mshumaa. Ilikaa vizuri kwa muda, kisha ikatembea ndani ya mwili, ikafanya vinundu na vidonda, na watu wakakatwa kwa ajili ya dawa iliyokuja kuwapendezesha. Baada ya vita vya pili vya dunia, Japani na Marekani wakadunga silikoni ya maji moja kwa moja ndani ya matiti. Matokeo yakawa yale yale: vinundu, maumivu, wengine wakaondolewa titi zima. China ikaruhusu jeli inayoitwa poliakrilamidi. Mwaka 2006 ikaipiga marufuku, wakati wanawake wengi walikuwa wameshadungwa. Hata jeli safi ya asidi ya hialuroniki, yenye kibali cha Ulaya na jina la Macrolane, mtengenezaji aliacha mwaka 2012 kuitoa kwa ajili ya matiti, kwa sababu ilisumbua kusoma picha za mamografia. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuugua hiyo ni hatari. Kwa aliyekuwa na kansa ni kama kuzima taa ndani ya chumba ambamo nyoka alionekana.

Kitu kinachodungwa kutoka kwenye chupa, kwa hiyo, kisiingie kwenye titi lililopasuliwa kansa. Wala si jambo la bei. Mwenye pesa nyingi anaweza kudungwa uchafu wa bei kali.

Mfuko wa silikoni ni habari nyingine. Unawekwa na mpasuaji, una namba, una karatasi. Lakini karatasi nazo zinadanganya. Ufaransa, nchi ambayo wakubwa wetu wengi wanaikimbilia wakiumwa, ndiyo iliyozaa kampuni ya PIP. Mkubwa wake, Jean-Claude Mas, alijaza mifuko kwa silikoni ya viwandani ambayo haikuruhusiwa kwa mwili wa mtu, na mifuko hiyo ikauzwa katika nchi nyingi, ikaingia katika vifua vya mamia ya maelfu ya wanawake. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni. Desemba 2013 mahakama ya Marseille ikamhukumu Mas miaka 4 ya gereza. Serikali ya Ufaransa ililipa gharama ya kuitoa mifuko hiyo kwa wanawake wote wa kwao waliotaka, na kwa wale waliokuwa wamewekewa baada ya kansa ililipa hata kuweka mwingine. Hapa kwetu, mfuko ukipasuka ndani ya kifua cha mama wa Bagira, nani angelipa? Nani angejua hata namba ya mfuko? Mwaka 2019 kampuni ya Allergan nayo ilirudisha, dunia nzima, mifuko yake yenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu ilihusishwa na aina ya kansa ya nadra inayoota pembeni ya mfuko. Huko kwenye daftari za kuandika kila mfuko na kila mwanamke, walitafutwa na kuambiwa. Kumleta mgonjwa kitu kinachohitaji daftari la miaka 20, mahali ambapo fishi ya mwaka jana inatafutwa nusu siku, ni kumkopesha mzigo.

Tena mfuko hauishi milele. Wengi wanarudi kwenye kisu kuubadilisha au kuutoa. Na mionzi, ambayo aliyetolewa sehemu ya titi anaihitaji, inafanya mwili ukaze ngozi ngumu kuzunguka mfuko mpaka titi linakuwa gumu kama embe bichi. Ndiyo maana hata mahali penye kila kitu, wapasuaji wa kansa hawapendi kuuweka mfuko kwenye titi lililotolewa sehemu tu.

Inabaki nyama ya mwenyewe, na hapa inapashwa kueleza kidogo. Kila mpasuaji wa matiti anajua hesabu iliyowekwa na waganga wa Paris: ikiwa kinachotolewa hakifikii asilimia 20 ya titi, nyama ya titi iliyobaki inalegezwa na kuvutwa, inafunga pengo, kovu moja tu. Ikiwa ni kati ya asilimia 20 na 50, titi linapangwa upya, kama fundi anavyopunguza kabati: ngozi na nyama zinahamishwa, chuchu inarudishwa katikati, na mara nyingi titi la pili nalo linapunguzwa ili yafanane. Kinachohitajika ni mpasuaji aliyefundishwa, uzi na saa kadhaa zaidi kwenye meza. Hakuna kontena la kungojea Mombasa. Hakuna dola za kulipa kiwanda.

Kuna pia kuvuta mafuta tumboni au mapajani kwa sindano, kuyasafisha na kuyapanda kwenye bonde. Chama cha wapasuaji wa urembo na urekebishaji cha Marekani kiliikataza njia hiyo kwa matiti mwaka 1987, kikalegeza mwaka 2009. Inasaidia kwa bonde dogo. Lakini sehemu ya mafuta inayeyuka, kazi inarudiwa mara mbili tatu, na mafuta yaliyokufa yanafanya vinundu ambavyo asiye na mashine nzuri ya picha atavichukua kuwa kansa. Mama mwembamba wa Walungu naye hana mafuta ya kutoa.

Njia nyingine ni kuleta nyama kutoka mgongoni. Iginio Tansini, Mwitaliano, aliieleza mwaka 1906, na vitabu vinaisifu kwa sababu ina damu nyingi na inavumilia. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya wanawake wanaoketi ofisini. Msuli ule mpana wa mgongo ndio unaovuta mkono chini, ndio unaofanya kazi mtu akipiga jembe, akivuta ndoo kisimani, akipanda kilima na gunia la makala limefungwa kamba kwenye paji la uso. Kuutoa kwa mama mbeba mizigo wa Bukavu bila kumwuliza anakula kwa kazi gani ni kumtengeneza titi na kumvunja kiuno cha familia. Siku hizi wapasuaji wengi wanachukua ngozi na mafuta ya ubavuni, chini ya kwapa, wanauacha msuli mahali pake. Mama anapashwa ajue kwamba njia hizo mbili zipo, na aseme mwenyewe.

Sasa ukweli ambao wapigania haki za wamama hawaupendi. Kutoa sehemu ya titi peke yake ni nusu ya dawa. Majaribio mawili makubwa, ya Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Italia, yalifuata wanawake kwa miaka 20, na matokeo yakatoka mwaka 2002: waliotolewa sehemu waliishi muda sawa na waliotolewa titi zima. Habari hiyo inasomwa kila Oktoba. Hawasomi mstari wa chini yake. Katika jaribio la Fisher, kansa ilirudi ndani ya titi kwa wanawake 39 kati ya 100 waliopasuliwa bila mionzi, na kwa 14 kati ya 100 waliopata mionzi. Mashine ya mionzi haiko Bukavu, haiko Goma. Mgonjwa anavuka kwenda Kanombe huko Kigali, ambako mionzi ilianza kutolewa mwaka 2019, au anapanda gari hadi Kampala, au anatafuta ndege ya Kinshasa. Mpaka ukifungwa, kansa haingojei ufunguliwe.

Kwa hiyo mganga anayempa mama upasuaji wa sehemu bila kumwuliza atapata wapi mionzi anamjengea nyumba bila paa. Kuna mama ambaye kwake ni heri titi zima liondoke, kwa sababu hana namna ya kufika Kigali. Naye aambiwe hivyo, uso kwa uso, si kwa Kifaransa cha haraka kwa bwana yake koridoni. Na anayeweza kufika aambiwe kwamba mionzi haimaanishi tena lazima kukodi chumba majuma 5: Waingereza walionyesha mwaka 2020 kwamba kwa wagonjwa wengi wenye kansa ya mapema, mara 5 ndani ya juma moja inatosha. Juma moja familia inaweza kulichangia. Majuma 5 yanauza shamba.

Jambo jingine la maabara. Nyama iliyotolewa inapimwa ili kujua kama kingo zake ni safi. Mahali ambapo jibu linachukua majuma, mpasuaji akishazungusha nyama ya titi, kisha karatasi ikasema kansa imebaki ukingoni, atatafuta wapi? Ukingo umehama. Mpasuaji mwangalifu anaacha vipini vidogo vya chuma kwenye kuta za pengo, ili yeye na mtu wa mionzi wajue mahali. Au anangoja jibu kwanza ndipo ajaze. Kungoja huko si uzembe, lakini aliyelala kitandani hawezi kukutofautisha na uzembe kama hakuna anayemwambia.

Kipengele cha 47 cha katiba ya Kongo kinasema haki ya afya inahakikishwa. Wizara na jimbo wakitaka kuonyesha kwamba wamekisoma, waanze na vitu visivyohitaji mfadhili. Kila hospitali inayopasua kansa ya titi iwe na mazungumzo na mgonjwa kabla ya kisu, kwa Kiswahili, Mashi au lugha anayoota nayo, na yaandikwe kwenye fishi: kiasi gani kitatolewa, pengo litajazwa na nini, mionzi itapatikana wapi. Wapasuaji wa fistula na wapasuaji wa matiti waketi meza moja, kwa sababu mikono inayohitajika tayari iko mjini. ACOREP, ofisi ya serikali inayosimamia dawa, iwafuate wauza jeli wa WhatsApp kwa nguvu ile ile inayotumika kumfukuza mama muuza nyanya barabarani. Na zile pesa za fulana za roze, hata nusu yake, zilipe mwaka mmoja wa mafunzo ya mpasuaji kijana.

Kwa aliyekwisha kupasuliwa na hataki kisu tena, kuna kijazio ambacho hakuna kiwanda kinachokitangaza, na fundi yeyote wa cherehani wa Kadutu anaweza kukishona asubuhi moja: kifuko cha pamba laini, kilichokatwa kwa kipimo cha bonde, kikajazwa mtama au ulezi mkavu mpaka kiwe na uzito wa upande wa pili, na mfuko mdogo ukashonwa ndani ya sutieni ili kisipande. Nafaka inatolewa siku ya kufua. Muuguzi angetumia dakika 10 kumfundisha mgonjwa kabla hajarudi nyumbani.

Muuza sambaza alishonewa cha kwake na jirani. Amesema hakipandi tena. Lakini sasa ana shughuli nyingine: binti wa dada yake, mwenye miaka 34, ameonekana na uvimbe, na amepewa siku ya kuonana na mpasuaji. Mama huyo atamsindikiza. Amemwomba mwanafunzi wa jirani amwandikie kwenye karatasi ya daftari maswali ya kuuliza: mtatoa kiasi gani, mtajaza na nini, mionzi ni wapi na siku ngapi. Swali la nne aliliongeza mwenyewe, kwa sababu msichana anakaa mtaa wenye kisima cha mbali: mkono wake utaweza kuinua ndoo? Karatasi ameikunja ndani ya kitenge kile cha zamani, na amesema hatatoka katika chumba cha mganga kabla haijajibiwa yote.